Lisbon kwa aliyeachwa: panga jioni kwanza, vivutio baadaye

Anayesafiri baada ya kuachwa haangushwi na mchana. Mchana una treni za kuwahi na vichochoro vya kupotelea. Saa mbaya ni kati ya kumi na mbili jioni na tano usiku, wakati miguu imechoka, chumba kiko kimya na simu iko mkononi. Ratiba ya Lisbon ianzie hapo, ndipo urudi nyuma kuijaza asubuhi.

Tazama kwanza tofauti ya saa. Wakati wa baridi Lisbon iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tatu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa saa mbili. Kwa hiyo majonzi yakikukamata saa nne usiku mwezi Januari, nyumbani ni saa saba usiku na dada yako amelala zamani. Anayebaki kukujia akilini ni yule yule usiyetakiwa kumtafuta. Patana na ndugu au rafiki mmoja akupigie kila siku saa kumi na mbili jioni ya Lisbon, ambayo kwao ni saa mbili au saa tatu usiku. Usimwachie kauli ya "tutaongea ukipata nafasi", maana nafasi hiyo haipatikani. Mazungumzo ya zamani yaondoe kwenye ukurasa wa mbele wa simu, na uzime kile kipengele cha programu ya picha kinachojiletea chenyewe kumbukumbu za mwaka jana.

Msimu nao una lake. Desemba jua huzama kama saa kumi na moja na robo jioni, na usiku unakuwa mrefu mno kwa mtu mpweke. Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Hata hivyo, tarehe 12 na 13 Juni zikwepe. Hiyo ni sikukuu ya Santo António, mtakatifu ambaye Wareno humwomba mambo ya ndoa: jiji hufungisha ndoa za maharusi wengi kwa mkupuo, na mitaani huuzwa vyungu vya mrehani vilivyochomekwa vikaratasi vyenye mashairi ya mapenzi. Mtu wa pwani anajua harufu ya mrehani inavyoweza kumrudisha mbali. Mei, Septemba na mwanzoni mwa Oktoba ndiyo miezi ya kuchagua.

Kama safari ilipangwa kwa watu wawili, malizana na karatasi kabla hujaondoka. Tiketi ya ndege kwa kawaida haihamishiki kwa jina la mtu mwingine, kwa hiyo usipoteze siku kumtafutia mwenzako mbadala. Omba shirika litenganishe tiketi zenu, ili akibadilisha yake isiguse yako, na ili msijikute viti jirani. Viza ya Schengen, ile inayokuingiza Ureno na nchi nyingi za Ulaya, ni ya mtu mmoja mmoja, lakini ombi lenu huenda lilionyesha hoteli ya wawili. Beba uthibitisho mpya wa malazi, tiketi ya kurudi, bima ya angalau euro 30,000 na ushahidi wa fedha. Ukiulizwa mpakani, jibu fupi linatosha: nasafiri peke yangu, ratiba imebadilika, karatasi hizi hapa. Ofisa hana haja ya kisa chote.

Malazi yasiwe Bairro Alto. Makelele ya baa huko hukesha, na asiyepata usingizi hana dawa ya huzuni. Anjos na Arroios, zote kwenye njia ya kijani ya metro, ni mitaa ya watu wanaoishi maisha ya kawaida. Ukienda wakati wa baridi, uliza kama chumba kina kipasha joto. Nyumba nyingi za zamani hazina, na baridi yake huingia hadi mifupani.

Vilima vya Lisbon vina mabaraza ya kutazamia mji, na kila mtu atakuambia uende jua likizama. Usiende saa hiyo. Baraza la Senhora do Monte, magharibi ikiingia, hujaa wapenzi wanaopigana picha. Nenda saa moja na nusu asubuhi: jua liko mgongoni pako, mji wote umeangazwa mbele yako. Kanuni ni kupanda kwa gari na kushuka kwa miguu. Tramu namba 28 huanzia Martim Moniz; ipande mapema kabla foleni haijaanza, ushuke Graça. Kutoka kwenye baraza teremka pole pole hadi Portas do Sol, ukatize Alfama, utokee mtoni Terreiro do Paço. Vaa viatu vyenye soli ya mpira, kwa sababu vijiwe vyeupe vya njiani vimesuguliwa na miguu ya watu mpaka vikalainika, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Tramu hiyo pia ina wezi wa mifukoni, nao hutafuta mtu aliyezama mawazoni. Pasipoti iache ulikolala. Simu na pochi viwe mfuko wa mbele.

Kilio kikija ghafla, kuna mahali pa kukaa. Kanisa la São Domingos, karibu na Rossio, liliungua mwaka 1959, na nguzo zake zimeachwa na makovu ya moto. Mtu akiinama pale kwa dakika ishirini hakuna anayemshangaa. Convento do Carmo, kanisa la zamani la watawa lililobomolewa na tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, bado halina paa, hufungwa Jumapili. Usijilazimishe kujifananisha na magofu. Kaa tu.

Lakini kula. Wengi waliovunjika moyo huishi kwa kahawa na vikeki vya krimu ya mayai viitwavyo pastel de nata, kisha jioni mwili hutetemeka na wao hudhani ni mapenzi. Kula mlo mkubwa mchana, kati ya saa sita na nusu na saa nane, ukiagiza chakula cha siku, kinachoitwa prato do dia. Kaa kaunta, hapo kula peke yako ni jambo la kawaida. Mkate na zeituni vinavyowekwa mezani bila kuagizwa hulipiwa ukivigusa. Asiyekula nguruwe ajihadhari na supu ya caldo verde, maana aghalabu huwekwa soseji; vyakula vya halali vipo Rua do Benformoso. Pombe iache kwa usiku ambao simu umeishikisha mtu mwingine.

Fado, nyimbo za majonzi za Wareno, isiwe ya usiku wa kwanza. Taa hupunguzwa, watu wote hunyamaza, na ukiwa katikati ya meza huwezi kuondoka bila kutazamwa. Subiri siku ya tatu, kaa karibu na mlango.

Siku ya kwenda Belém, mtaa wa kando ya mto, ni nzuri kwa sababu hukupa hasira nyingine. Ndani ya kanisa la Jerónimos yumo kaburini Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mpwani akisimama pale ana maneno mengi ya kumwambia, na yote hayamhusu mpenzi wa zamani. Usiende Jumatatu, pamefungwa.

Likikuzidi, ukaanza kufikiria kujidhuru, piga namba ya dharura, 112, na umpigie pia mtu wa nyumbani, hata kama kwao ni usiku wa manane. Mwamshe.

Jumapili ndiyo siku ngumu, kwani familia ziko mezani na migahawa mingi midogo imefungwa. Usiende Sintra, yenye makasri yaliyojengwa kana kwamba kwa ajili ya fungate. Panda treni ya Cascais kutoka Cais do Sodré, kama dakika arobaini, ukae upande wa kushoto uone maji. Kutoka Cascais tembea kando ya bahari kurudi hadi Estoril, kama kilomita tatu, kisha chukua treni hapo. Ukitaka kuoga, maji ni baridi hata Agosti: bendera ya kijani unaogelea, ya njano unaishia kulowesha miguu na kiuno, nyekundu huingii kabisa.