Kompyuta ya mezani inazimika yenyewe: je, ubao mama umekufa?

SWALI: Nina kompyuta ya mezani yenye umri wa zaidi ya miaka kumi. Kila asubuhi hukataa kuwaka mpaka nibonyeze kitufe mara kadhaa. Ikishawaka, saa yake huwa imerudi miaka mingi nyuma, na nikiipa kazi nzito huzimika ghafla. Fundi amesema ubao mama (motherboard, bamba kuu linalounganisha sehemu zote za kompyuta) umekufa, ninunue mwingine. Nifuate ushauri huo?

JIBU: Usinunue bado. Ulichokieleza kinaweza kuwa hitilafu mbili au tatu tofauti zilizokutana kwa sababu ya uzee wa mashine, na inafaa zitenganishwe kabla ya kulipia chochote. Kwanza kabisa, nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje, kwa kuwa kuzimika kwa ghafla wakati diski inaandika kunaweza kuyaharibu.

Suala la saa ndilo jepesi. Kwenye ubao mama kuna betri ya duara, kwa kawaida aina ya CR2032 yenye volti 3, ambayo huiendesha saa wakati umeme umekatwa ukutani. Ibadilishe, lakini kabla ya kuitoa piga picha kurasa za mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta), kwa maana mipangilio hiyo inaweza kurudi ilivyokuwa kiwandani, na hali ya kuendeshea diski ikibadilika, mfumo wa uendeshaji unaweza kugoma kuwaka, nawe ukadhani umeharibu kitu.

Kuzimika wakati wa kazi nzito husababishwa hasa na joto au na pawa saplai (kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme) iliyochoka. Tumia programu ya kupima joto la prosesa (chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta): likipanda hadi kukaribia nyuzi 100 za Selsiasi kabla mashine haijazimika, prosesa inajilinda isiungue. Chomoa waya wa umeme, ondoa vumbi kwenye feni na kwenye kipoza joto, kisha futa grisi ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa na upake nyingine kidogo tu. Ikiwa joto ni la wastani na mashine bado inazimika, geukia pawa saplai.

Dalili ya asubuhi ndiyo inayonifanya niishuku zaidi pawa saplai hiyo. Ndani yake, na pia kwenye ubao mama, kuna kapasita (vijisehemu vinavyohifadhi umeme kwa muda) zenye kimiminika ambacho hukauka kadiri miaka inavyopita. Kapasita iliyochoka hufanya kazi vibaya zaidi ikiwa baridi, na ikishapata joto kidogo hujikongoja, ndiyo maana mashine hukubali kuwaka baada ya majaribio kadhaa. Mwenye multimita (kifaa cha kupimia umeme) apime njia ya volti 12 wakati kompyuta inafanya kazi nzito, kwa sababu kipimo kisicho na mzigo hudanganya: usomaji uwe kati ya volti 11.4 na 12.6. Kipimo kilicho bora kuliko hicho ni kuazima pawa saplai nzima yenye wati za kutosha na kuijaribu kwa siku kadhaa. Tafadhali usiifungue ya zamani, kwani kapasita zake huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya. RAM (vipande vya kumbukumbu ya muda) nazo zichomoe na kuzirudisha vizuri; ni kazi ya dakika chache.

Ikiwa baada ya hayo yote asubuhi bado ni ya kubembeleza, chunguza vichwa vya kapasita za ubao mama: vinatakiwa kuwa bapa, visivyotuna wala kuvuja majimaji ya kahawia. Ukikuta vimetuna, fundi wako yumkini alikuwa sahihi, nawe muulize kama anaweza kubadilisha kapasita peke yake, kwa kuwa ubao mama wa kisasa hautapokea prosesa wala RAM za umri huo, na utajikuta unanunua vyote vitatu.