Riziki ya Leo, Leo

Mume wangu alikuwa fundi wa korona kwa miaka 18. Kwa msiyeishi kwenye mashamba ya mkonge, korona ni ule mtambo unaokamua majani mpaka zibaki singa, yaani nyuzi, na mngurumo wake ndio uliokuwa ukiwabembeleza wanangu usingizini. Siku shamba lilipopunguza watu, alirudi nyumbani saa nane mchana, saa ambayo hakuwahi kurudi, akaketi mlangoni na barua mkononi bila kuvua buti. Nyumba ilikuwa ya kazi. Tulipewa mwezi mmoja tuwe tumeondoka.

Tukahamia Tanga mjini, vyumba viwili Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Usiku wa kwanza sikupata usingizi. Nilikuwa nasubiri mngurumo, nasikia baiskeli ikipita, mbwa, halafu adhana ya alfajiri. Watoto watatu, magodoro mawili, kuku wawili kwenye tenga, na kiinua mgongo ambacho tayari nilikuwa nimekigawa kichwani mara ishirini.

Nawaandikia mlio njiani sasa hivi, kati ya kilichokwisha na kisichoanza. Inawezekana ni kazi, au msiba, au mmestaafu, au mmeolewa mbali na kwenu. Wakristo wenzetu hutuambia "mtumaini Mungu" na kuishia hapo. Ni neno la kweli, lakini mimi ilinichukua karibu mwaka mzima kujua linafanywaje siku ya Jumanne, unga umebaki kopo moja.

Nilianza vibaya. Kwa miezi miwili kila aliyenisalimu kanisani nilimjibu, "Tunamshukuru Mungu, tumebarikiwa," kisha nakwenda nyumbani kulia. Niliona kulalamika ni kukosa imani. Mpaka asubuhi moja, napepea mkaa, ikanijia Zaburi ya 13 niliyokariri nikiwa kipaimara: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Maneno hayo yamo ndani ya Biblia, watu wa Mungu wameyaimba. Nikayasema pale pale jikoni, kwa sauti ya chini, nikaongeza yangu: ada, kodi, aibu ya kukopa chumvi. Nakusihi, mwambie Mungu ukweli kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote. Mimi siku hiyo ndiyo niliyoanza kumwamini, maana huwezi kumwamini mtu unayemficha.

Kosa la pili lilikuwa la fedha. Kuna aliyeniambia nipande mbegu, yaani nitoe fedha, mlango wa mume wangu utafunguka ndani ya siku saba. Nikapeleka shilingi 50,000 kutoka kwenye kiinua mgongo bila kumwambia baba watoto. Siku saba zikapita, tena saba. Nilipomweleza hakunigombeza, alinyamaza, na kile kimya bado nakikumbuka. Dada yangu, kaka yangu, wakati wa mpito ndio wakati mtu anapokuwa rahisi kuliwa. Mungu hauzi mlango. Anayekudai fedha ili akufungulie, mwache aende zake, hata kama ameshika Biblia.

Baba watoto alikuwa na mikono inayojua chuma. Akaomba nafasi chini ya mwembe, pembeni ya barabara, akaanza kuziba pancha na kunyoosha rimu. Mji huu ni wa baiskeli, kwa hiyo kazi ilikuwepo, ila fedha yake ilikuja kwa namna tusiyoizoea. Shambani tulikuwa watu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Sasa anarudi jioni na elfu nne, kesho elfu saba, keshokutwa mia tano na msumari mfukoni. Hilo ndilo lililonitesa kuliko umaskini wenyewe: kutoweza kuiona kesho.

Tulikuwa tunasoma Kutoka sura ya 16 kwenye jumuiya. Mana iliokotwa pishi kwa kichwa kila siku, na iliyolazwa mpaka asubuhi ikaoza na kuingia mabuu. Nimeisikia habari hiyo tangu utotoni, lakini safari hii niliisikia kama mwanamke mwenye kopo la kupimia unga. Watu wale walikuwa wametoka kwenye masufuria ya nyama ya Misri, hawajafika Kanaani, na katikati hapo Mungu hakuwapa ghala. Aliwapa asubuhi. Nikanunua daftari, nikaacha kuandika tunachodaiwa mwezi ujao, nikaandika kilichopatikana leo na kilichotumika leo. Madeni yalikuwepo, sikuyakana, niliyapangia ukurasa wake na siku yake, Jumamosi. Siku nyingine zote niliomba kama Bwana alivyotufundisha, "Utupe leo riziki yetu," nikasisitiza leo.

Bibi mwenye nyumba, Mwislamu, mjane, aliniona navyohesabu. Akaniazima chuma chake cha vitumbua, akanionyesha mchele unavyolowekwa usiku, tui linapoingia, na hamira unavyoisubiri bila kuihimiza. "Mungu hamtupi mja wake, mwanangu," akaniambia, "lakini uamke saa kumi." Nikaamka saa kumi.

Jumapili moja sikuwa na sadaka. Nilichukua mayai manne ya wale kuku tuliotoka nao shambani, nikayaweka mbele pamoja na ndizi na maboga ya wenzangu, uso chini. Baada ya ibada ukaja mnada. Mayai yangu yakapanda, mzee mmoja akayanunua kwa elfu tatu, akasema apewe mama aliyekaa nyuma yangu. Sikuwa namjua. Ametoka kumzika mwanawe wiki ile. Aliyapokea kwa mikono miwili, akayashikilia kifuani kama kifaranga. Mimi niliyejiona sina kitu nilikuwa nimemlisha mtu.

Yoshua 5 inasema mana ilikoma siku ya pili baada ya watu kula mazao ya nchi. Hakuna palipoandikwa kwamba walilia. Nadhani wengine waliamka asubuhi hiyo, wakatoka na vyombo vyao, wakakuta ardhi tupu, wakaogopa. Ningeogopa. Mshahara wa shamba ulipokoma nilidhani Mungu amekoma.

Jumatatu binti yetu wa mwisho anakwenda chuo Dodoma. Yeye ndiye aliyekuwa akinibebea beseni la vitumbua mpaka stendi. Baba yake amemkazia mikanda ya begi mara tatu, akarudia kumsimulia habari za mkonge, kwamba mwaka 1893 ililetwa miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na ndiyo iliyozaa mashamba yote aliyozaliwa ndani yake. Mimi nimeshaomba Zaburi yangu ya 13 jioni hii, kwa sauti. Sasa naloweka mchele. Nimepima vibaba vitatu badala ya vinne.