Kompyuta inajizima tangu iongezewe memori

SWALI: Kompyuta yangu ya mkononi ilikuwa na memori ya GB 4. Nimeongeza kipande kingine cha GB 4 nilichokinunua sokoni Kadutu, na sasa inajizima katikati ya kazi. Je, ni umeme? — Msomaji, Bukavu

JIBU: Umeme wetu una makosa yake, ndugu msomaji, lakini hili si lake ikiwa betri yako ni nzima. Soma vibandiko vya vipande vyote viwili vya memori: kama cha zamani ni cha aina ya DDR3L, cha volti 1.35, na kipya ni cha aina ya DDR3, cha volti 1.5, huenda visipatane. Vikilingana, chomoa chaja na betri, vipachike upya mpaka vibanio vilie, kisha pima kimoja kimoja usiku kucha kwa programu ya MemTest86. Kitakachoonyesha kosa hata moja, kirudishe kwa muuzaji.