Maembe yananiozea siku ya nne

SWALI: Shikamoo shangazi. Nauza maembe dodo hapa Tabora mjini. Nayanunua yakiwa mabichi, magumu, lakini siku ya nne yameshapiga madoa meusi na yamelainika kwenye kikonyo. Jirani akanishauri niyatie kwenye friji. Yalitoka yamefubaa, na hayakuiva tena. Nakosea wapi?
Mama wa Isevya

JIBU: Marahaba mwanangu. Nani anakuchumia? Nilipokuwa nikiuza matunda, hasara yangu kubwa ilianzia mtini. Kijana anapanda, anatikisa tawi, maembe yanaanguka puu! Kwa macho huoni kitu. Siku ya tatu ubavu uliogonga chini unabonyea.

Mwambie atumie kingoe chenye mfuko, na kila embe liachiwe kikonyo urefu wa kidole. Kikivunjika karibu na tunda, utomvu unaruka, unachuruzika ubavuni, na kesho yake ulipopita pana mchirizi mweusi kana kwamba ngozi imeunguzwa. Wenyewe unaunguza hata mkono. Ukifika nyumbani, kivulini, fupisha vikonyo na uyageuze kichwa chini juu ya chaga kwa nusu saa, utomvu udondoke bila kugusa ganda. Usiyalaze kwenye udongo.

Hayo madoa yako nadhani ni chule. Ni ukungu unaoingia embe likiwa changa, ukalala ndani mpaka tunda lianze kuiva, ndiyo maana unayanunua safi. Kuosha kwa maji baridi hakuufikii. Yatumbukize siku hiyohiyo ya kuchumwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 52 kwa dakika 5, kisha yakauke. Nunua kipimajoto, tafadhali. Usipime kwa kidole, maana yakizidi moto kidogo tu ganda linaiva kama limechemshwa.

Friji ya nyumbani ina nyuzi 4 au 5. Embe bichi linaanza kuumia chini ya 13 hivi. Liache liive kwanza, ndipo ulitie humo siku chache.

Kuna watakaokushauri kibanda cha kupoozea matunda, chenye kuta za mkaa unaomwagiwa maji. Kizuri sana wakati wa kiangazi, lakini maembe yetu yanakuja na mvua. Hewa ikishajaa unyevu, maji hayakauki upesi ukutani na ubaridi haupatikani. Hela hiyo nunua kreti uachane na magunia, na kila asubuhi toa yaliyoiva, kwani hewa yanayoitoa inayaivisha mengine.

Anza na tenga moja la kuchumwa kwa kingoe, uliweke kando ya hayo mengine. Siku ya nane niandikie umetupa mangapi kila upande.