Mwalimu wa baiolojia anayefundisha mageuko ya viumbe: je, imani yake ina kasoro?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh, na shikamoo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Tanga, nafundisha kidato cha nne. Mada ya mageuko ya viumbe imo kwenye muhtasari, na kila mwaka ikikaribia nakosa usingizi. Mwaka huu baba mkwe, ambaye ni mtu wa darsa, ameniambia mshahara wa mwezi huo una shubha, na kwamba kusomesha watoto kuwa mtu katokana na nyani ni kufuru. Anasema nadharia yenyewe ilishavunjwa na silikanti wetu, samaki aliyekaa mamilioni ya miaka bila kubadilika. Wanafunzi nao wananiuliza: "Mwalimu, wewe mwenyewe unaamini?" Nijibu nini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba mwanangu.

Nianze na lililokuondolea usingizi. Mshahara wako ni halali, mwezi huo na mingine yote. Mwalimu anayeeleza wataalamu wamesema nini na kwa ushahidi gani hajakufuru. Wanavyuoni wana kauli ya tangu zamani kwamba mwenye kunukuu maneno ya kufuru si kafiri, na hapa hata kwenye kufuru hatujafika. Mtoto anayejibu swali la mtihani hukumu yake ni hiyo hiyo. Sala yako iko palepale. Sasa tukae tuzungumze, maana swali lako lina matawi, na tawi moja ni la huyo samaki, ambaye mimi habari zake ninazo.

Nilimwona kwa macho yangu Kigombe, miaka ile wavuvi wa jarife walipoanza kuwatoa kwenye maji ya kina bila kujua wamebeba nini. Alikuwa amelazwa mchangani, urefu wake ungemfika mtu mzima kifuani, magamba magumu, madoa meupe, na ile buluu yake imeshaanza kugeuka kahawia. Aliyemvua alikuwa akinung'unika kuwa nyama yake mafuta matupu, haiuziki. Mimi nilichoangalia ni mapezi. Hayakushika mwilini kama ya changu au nguru. Yametokeza kwenye vishina vya nyama, na ukikibonyeza kishina unausikia mfupa ndani, kama mkono wa mtoto mchanga uliotiwa pezi mwishoni.

Ni kweli wataalamu walidhani jamii yake ilitoweka pamoja na dainosaria, miaka milioni 66 iliyopita, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa kwetu wa kwanza kutambuliwa alitoka Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, kisha Tanga wakafuatana. Lakini kusema hajabadilika si kweli. Ndugu zake wa kale waliobaki kwenye mawe ni wa namna nyingi: wapo waliokuwa wadogo, wapo walioishi maji baridi, na huyu wetu kwa umbo lake hasa hayumo miongoni mwao. Hata angekuwa hajabadilika sana, nadharia haimlazimishi kila kiumbe kubadilika kwa mwendo mmoja. Kisha yale mapezi ya vishina ndiyo yanayomweka karibu na wanyama wa miguu minne. Jeni zake ziliposomwa zote na matokeo kutolewa mwaka 2013, ilionekana kuwa aliye karibu zaidi na wanyama hao ni jamii ya kamongo, yule wa matope anayevuta pumzi kwa mapafu. Kwa hiyo shahidi aliyeletwa na baba mkwe, akihojiwa vizuri, anatoa ushahidi kwa upande wa pili.

Nimelishikilia hili la samaki kwa sababu limenikera miaka mingi, na simsemi baba mkwe peke yake. Kuna mihadhara inayozunguka kwenye simu zetu ambayo mtu akiisikia anadhani kila hoja inayoipiga sayansi ni ibada. Mtume, rehema na amani zimfikie, alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto bado wa kunyonya, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto wa Mtume. Itazame hali ilivyokuwa. Baba ana msiba, watu wameshapata "muujiza" wao bila yeye kuomba, na angenyamaza tu wangeongezeka wa kumwamini. Hakunyamaza. Aliwaambia jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Imam Ghazali naye, alipokuwa akiwajibu wanafalsafa, alitumia mfano wa kupatwa kwa jua huko huko: akasema anayepinga hesabu za wanafalaki kwa jina la dini ameidhuru dini kuliko adui anayeishambulia, kwa sababu mwenye hesabu zake mkononi hatazitilia shaka hesabu, ataitilia shaka dini.

Haya, ushahidi. Utaambiwa "ni nadharia tu". Katika mazungumzo yetu nadharia ni kama dhana. Kwa wanasayansi ni maelezo yanayofunga pamoja mambo mengi yaliyopimwa. Kwamba vijidudu huleta maradhi nayo ni nadharia, na sijamsikia mtu akitaka apasuliwe na daktari asiyenawa mikono.

Wewe huenda hukuiwahi klorokwini ilipokuwa dawa ya malaria ya kila nyumba. Sisi tuliinywa na kujikuna usiku kucha. Ilikuwa inaponya, kisha ikaanza kushindwa, na mwaka 2001 serikali ikaiondoa kuwa dawa ya kwanza, na baada ya miaka michache tukaingia kwenye dawa mseto. Kilichotokea mwilini ndicho unachosomesha. Miongoni mwa vimelea vingi mno, vichache vilikuwa na badiliko dogo la jeni lililoviwezesha kuitema dawa. Vingine vikafa, hivyo vichache vikazaana, na baada ya muda vikawa ndivyo vilivyojaa nchi nzima. Malawi waliiacha klorokwini mapema, mwaka 1993. Dawa ilipoondoka, vile vimelea sugu vikakosa faida yao, vya kawaida vikarudi, na baada ya miaka kama kumi klorokwini ikajaribiwa tena kule ikaua karibu vyote. Uchaguzi wa asili umekwenda mbele, ukarudi nyuma, na watu waliouhesabu wako hai.

Baba mkwe atasema: kimelea kimebaki kimelea. Ni pingamizi lenye akili, usimcheke. Mpeleke Ziwa Viktoria. Furu, samaki wa humo, walikuwa aina kama 500, wa kukwangua miamba, wa kuvunja konokono, wa kula wenzao, kila mmoja na taya zake, na ziwa lenyewe lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita kisha likajaa upya. Akitaka kubwa zaidi, ampande ngamia hadi jangwa la Fayyum, Misri, kwenye bonde ambalo Waarabu wenyewe wanaliita Wadi al-Hitan, Bonde la Nyangumi. Pale mchangani wamelala nyangumi wa miaka karibu milioni 40, mbali na bahari yoyote, warefu kama basi na zaidi, na nyuma ya mwili mrefu namna hiyo kuna vijiguu viwili vyenye goti na vidole. Vijiguu hivyo havikuweza kumbeba mnyama wala kumsogeza. Nyangumi wa leo ndani ya minofu yake bado ana vijifupa vya nyonga visivyoshika mguu wowote. Mimi nimesoma mengi ya kupinga nadharia hii, na sijaona maelezo mengine ya vijiguu vile yanayonitosheleza.

Je, Qur'ani inakataa? Surat An-Nur aya ya 45 inasema Mwenyezi Mungu ameumba kila mnyama kutokana na maji, wengine huenda kwa matumbo, wengine kwa miguu miwili, wengine kwa minne. Surat Al-Ankabut aya ya 20 inaamrisha tutembee katika ardhi tutazame alivyoanzisha uumbaji. Sisemi aya hizi zimetabiri baiolojia. Huo nao ni ugonjwa mwingine wa mihadhara. Ninachosema ni kuwa hazikutaja kama aina za wanyama zilitokea kwa mara moja au kwa kufuatana. Sheikh Hussein al-Jisr wa Tripoli ya Lebanon, aliyefariki mwaka 1909, aliliona hilo mapema. Yeye hakuridhika na ushahidi wa zama zake, lakini alisema ukithibiti kwa yakini, Waislamu wana njia ya kuzifahamu aya kwa mujibu wake, na Muumba ni yule yule.

Hapo utaulizwa: mbona wanasema mabadiliko ya jeni hutokea kwa bahati nasibu? Bahati na Mungu vinakaaje pamoja? Mwanangu, msomee kisa cha Nabii Yunus. Jahazi lilikuwa limeelemewa, wakapiga kura nani atoswe, kura ikamwangukia yeye. Kura ile ilikuwa kura ya kweli. Hakuna aliyeichezea, na yeyote angeweza kuangukiwa kwa kadiri ya ujuzi wa mabaharia. Na wakati huo huo ilikuwa qadari, samaki yuko chini anasubiri. Mwanasayansi anaposema "bahati nasibu" anasema la baharia: hatuwezi kujua mapema itamwangukia nani. Akiongeza kwamba kwa hiyo hakuna Mungu, ameshatoka kwenye maabara, na hilo halimo kwenye muhtasari wako.

Tufike kwa mtu, maana ndipo penye moto. Kwanza futa neno "katokana na nyani". Hakuna mtaalamu anayesema mtu kazaliwa na nyani au sokwe huyu tunayemwona leo. Wanachosema ni kuwa mtu na sokwe wana babu mmoja wa zamani sana. Wewe na binamu yako mna babu mmoja, na hakuna anayesema binamu ndiye babu yako. Ushahidi wake si mdogo. Baadhi yake uko nchi hii: nyayo za Laetoli, karibu na Ngorongoro, zilizofukuliwa mwaka 1978 na kundi la Mary Leakey, za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita.

Msimamo wangu ni huu, na wapo wanavyuoni wanaonipinga kutoka pande zote mbili. Adam, amani imfikie, aliumbwa na Mwenyezi Mungu kwa udongo bila baba wala mama. Aal Imran aya ya 59 imemfananisha na Isa: akamwambia Kuwa, akawa. Huo ni muujiza wa mtu mmoja, na muujiza haupimwi maabara, kama vile hakuna kipimo kitakachokuonyesha Isa alizaliwa bila baba. Lakini kama kabla ya Adam au mbali naye ardhini kulikuwa na viumbe wenye umbo la kukaribia mtu, sioni andiko linalokataa wala linalothibitisha. Hapo nanyamaza, na wala sitaki mtu aniongezee. Nyayo za Laetoli sina haja ya kuzikanusha ili nimwamini Adam.

Na tusijifanye kila kitu kimeshakaa sawa. Imo hadithi sahihi kuwa Adam alikuwa na urefu wa dhiraa 60, na watu wamekuwa wakipungua mpaka sasa. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, alipoisherehesha alikumbuka majumba ya kina Thamud, kaumu ya kale iliyotajwa ndani ya Qur'ani, yaliyochongwa majabalini, ambayo yanaonyesha wenyewe hawakuwa warefu kupita kiasi, ilhali walikuwa karibu zaidi na zama za Adam kuliko sisi. Akaandika kwamba hadi wakati huo hajapata kitu cha kumwondolea tatizo hilo. Huyo ni Ibn Hajar, mwenye Fat'hul Bari, ile sherehe ya Bukhari, bahari ya hadithi. Hakuitupa hadithi, wala hakuyafumbia macho majumba.

Wanafunzi wakikuuliza kama unaamini, waambie hivi: ushahidi wa kuwa viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi na kuwa wana ukoo mmoja ni wa nguvu, nami nausomesha bila kuupunguza. Namwamini Mwenyezi Mungu aliyeviumba, na Adam namwamini kama Qur'ani ilivyomtaja. Darasani kwako kuna Wakristo pia, basi habari ya Adam iachie madrasa na kanisa, kila mtoto akaulize kwao. Mwambie pia asiyekubaliana bado kuwa kwenye mtihani ataandika nadharia inasema nini, na alama zake atapata.

Baba mkwe usibishane naye mezani, tena mbele ya mumeo. Yeye ni mzee na nia yake ni kukulinda. Mwambie nimemsalimia, na kwamba baina ya magharibi na isha huwa nipo barazani msikitini. Akija, aniletee na ule mhadhara wa silikanti tuusikilize pamoja. Mwana wa yule mvuvi wa Kigombe husali safu ya pili, nitamwomba akae nasi.

Wallahu aalam.