AFP imesoma 38, ultrasaundi safi: tuisomeje hiyo damu?

Mkuu, umeeleza kwamba kaka yako ana homa ya ini B sugu, AFP yake (kipimo cha damu kinachotumika kutafuta saratani ya ini) imetoka 38, ultrasaundi haikuona kitu, na tangu hapo nyumbani hakulaliki. Umeuliza pia kama kipo kipimo cha damu cha kumaliza ubishi. Mimi naishi na kirusi hichohicho miaka mingi na hupimwa kila baada ya miezi sita, kwa hiyo pokea haya kutoka kwa mgonjwa mwenzake, si daktari.

38 peke yake haijasema saratani. AFP ni protini ambayo ini la mtoto aliye tumboni huitoa kwa wingi. Kwa mtu mzima huwa kidogo sana, kwa kawaida chini ya nanogramu 10 kwa mililita. Seli za saratani ya ini huianza upya kazi hiyo. Tatizo ni kwamba hata ini linalojijenga baada ya kuumizwa na kirusi huitoa pia. Mimba huipandisha, na baadhi ya saratani za korodani vilevile.

Yangu iliwahi kupita 50 kipindi kirusi kilipochachamaa, na ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia, ilikuwa juu mno. Nilipigwa picha ya CT, ile ya kuchomwa dawa ya mshipani ya kuonyesha ini vizuri, ini halikuwa na uvimbe. Nikaanzishiwa tenofoviri, dawa ya kukandamiza kirusi, ALT ikateremka, AFP nayo ikaifuata taratibu. Ndiyo maana kabla ya kuhofia hiyo 38 ningetaka kujua ALT ya kaka siku hiyo ilikuwa ngapi, na AFP zake za nyuma zilisomaje. Iliyotoka 8 ikaja 15 ikafika 38 huku ALT imetulia inanitisha kuliko 38 iliyoganda hapohapo muda mrefu.

Ila msiridhike na ultrasaundi. Miongozo ya Marekani inasema AFP ikifika 20, au ikiwa inapanda, mgonjwa aende CT au MRI ya dawa, hata kama ultrasaundi haikuona uvimbe. Hapo picha hupigwa kwa awamu: saratani ya ini hung'aa dawa inapopita kwenye ateri, kisha hufifia kuliko ini linaloizunguka. Kwa mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu) au homa ya ini B sugu, alama hizo zikionekana vizuri daktari anaweza kuthibitisha bila kukata kinyama. Ombeni hiyo.

Kuna na upande wa pili, ambao watu huusahau kwa furaha: AFP ya kawaida haimwachii mtu huru. Saratani nyingi za mapema haziipandishi kabisa. Uchambuzi uliokusanya tafiti za wagonjwa wa sirosisi, uliotoka 2018, uliona ultrasaundi peke yake inanasa kama asilimia 45 ya saratani za mapema, na ikiongezwa AFP inafika 63. Nafuu kubwa, lakini bado nyingi zinapita.

Kuhusu kipimo cha kumaliza ubishi, hakipo. Vipo vya kusaidia. AFP-L3 huangalia aina moja ya AFP inayopendelewa na seli za saratani, na hutolewa kwa asilimia. DCP, ambayo maabara nyingine huiita PIVKA-II, ni protrombini (protini ya kugandisha damu inayotengenezwa na ini) iliyotoka na kasoro. Mwenye kutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au aliyepungukiwa vitamini K itampanda bila saratani yoyote, hivyo kaka ataje dawa zake zote. GALAD huvichanganya vipimo hivyo vitatu na umri na jinsia ikatoa alama moja. Japani AFP-L3 na DCP ni vya kawaida kabisa. Vya kusoma DNA ya uvimbe inayoelea kwenye damu vinakuja, ila mimi nisingeacha ratiba ya miezi sita kwa ajili yake.

Na asije akaambiwa hana sirosisi basi apumzike. Kirusi B kinaweza kuleta saratani kwenye ini lisilo na sirosisi, na dawa hupunguza hatari tu, haziifuti.

Sasa wewe uliyeuliza: kirusi hiki mara nyingi hutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa, na nyinyi ni wa mama mmoja. HBsAg yako, kipimo cha damu cha kuonyesha kama una kirusi B, umeshapima? Ikitoka hasi na huna kinga, chanjo ipo.