Jibu: Indonesia na bahari ya kati ya visiwa
Ndugu, umeuliza kama Indonesia imefunga bahari iliyo kati ya visiwa vyake, na kwa nini sisi Tanga tusifanye hivyo kwa Mkondo wa Pemba.

Haikuifunga. Kabla ya Desemba 1957 kila kisiwa kilihesabiwa maili 3 tu za bahari, na manowari za kigeni zikikatiza Bahari ya Java zitakavyo. Waziri Mkuu Djuanda akatangaza maji hayo yote ni ya nchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa 1982 ukakubali, kwa masharti: meli zipite, na wavuvi wa jadi wa nchi jirani waheshimiwe. Hili la wavuvi linanigusa sana; mvuvi wa Sahare, hapa Tanga, angelielewa upesi.

Sisi hatuingii katika kanuni hiyo. Lazima nchi iwe visiwa vitupu, kama Komoro. Tanzania ina bara.